Baba, Nimemuuliza Kaka Twaha Lile Swali

Baba,

Shikamoo. Ijumaa nilipita makaburini nikakutolea salamu kama inavyotakiwa, lakini hii ni barua, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua ya mtoto kwa mzazi isipoanza na shikamoo irudishwe kwa aliyeiandika. Sitaki kurudishiwa hii. Nimehangaika nayo wiki mbili nzima.

Huku Lukozi ni baridi ile ya kuongea huku mdomo unatoa moshi. Mama ni mzima. Amelihamia lile sweta lako la kijivu, mikono inamfunika hadi vidole, na ukimwambia alipeleke kwa fundi lipunguzwe anasema fundi ana kazi nyingi. Karoti za bondeni zimetoka vizuri. Ng'ombe amezaa dume tena, najua hapo umeguna. Watoto wa madrasa bado wanakuja. Ustadhi wa kijiji cha pili anawashikia siku tatu kwa wiki, siku nyingine wanacheza mpira, na nafasi yako mpaka leo haina mtu. Hilo la nafasi yako ndilo lililonikalisha hapa, lakini siwezi kuanza nalo. Nianze na wewe.

Unakumbuka ulivyokuja kwenye chumba changu cha ultrasaundi pale hospitali Lushoto? Nilikuwa na miaka minne kazini na hukuwahi kukanyaga. Kazi yako ilikuwa kunisifia tu msikitini, kwamba binti yako anaona yaliyomo tumboni mwa watu, mpaka wazee wakawa wanajifunika makoti nikipita. Siku ile ulikuja kama mgonjwa. Ulikuwa unasikia uzito chini ya mbavu za kulia, na uchovu wa kukukalisha chini katikati ya kilima kabla hujaufikia msikiti. Daktari alikubonyeza, akakuandikia vipimo vya damu na ultrasaundi ya ini, akakuambia uje asubuhi bila kula wala kunywa chai. Ukaja na njaa yako, na kanzu iliyopigwa pasi kama ya Idi.

Damu ulitolewa kwanza. Nilisimama mlangoni pa maabara nikakusikia ukimwomba yule dada asimalize yote, akubakishie ya kukurudisha Lukozi. Kisha ukaingia kwangu, na hapo mzaha ukakwisha, kwako na kwangu. Sisi si watu wa baba kufunua tumbo mbele ya binti yake. Mtu mwingine wa kupiga ile picha hakuwepo. Nilimwita muuguzi mtu mzima asimame nasi, nikakufunika khanga mbili, nikaacha wazi pale tu nilipopahitaji. Nilipokupaka ile jeli ulisema kumbe baridi ya Lukozi mmeileta huku, na nikakushukuru moyoni kwa kusema chochote.

Nikaliona ini lako. Ini zima, ukiliweka kwenye kioo karibu na figo, rangi zao hazipishani sana, kijivu na kijivu. La kwako lilikuwa jeupe, limeng'aa kama unga uliomwagika mezani, na kwa ndani zaidi picha ilififia kwa sababu mafuta yanayameza mawimbi ya mashine kabla hayajafika chini. Nililijua kabla sijapima chochote. Nilikuwa nimeyaona maini ya namna hiyo mengi.

Ila kosa langu halikuwa kwenye kioo, Baba. Lilikuwa kwenye karatasi.

Daktari wetu ametuwekea fomu ya maswali ya kujaza kabla ya kupima ini. Swali la kwanza sukari na presha, la pili dawa unazotumia pamoja na za mitishamba, la tatu ndugu wenye ugonjwa kama huo, la nne pombe: unatumia, na kama unatumia, kiasi gani kwa wiki. La nne nilikuwa nimekwisha kukujazia "hapana" wakati bado unavua viatu. Nikasahau kwamba wewe unasoma maandishi yaliyopinduka, mazoea ya kukagua mbao za watoto ukiwa umekaa mbele yao. Ulilala pale na jeli yako, ukanyoosha kidole.

"Mwanaidi, hilo la nne hukuniuliza."

Nikasema, "Tate, wewe ni Mwalimu." Sijui kwa nini nilikuita kwa Kishambaa mbele ya muuguzi, nadhani ni aibu.

Ukasema, "Hapa mimi ni tumbo. Niulize kama unavyowauliza wengine."

Ndipo nilipolazimika kukuambia kwamba na wengine siwaulizi. Vijana nawauliza, sana tu, tena kwa sauti ya juu. Lakini mtu yeyote niliyempa shikamoo, mzee au mama mtu mzima, nilimwandikia hapana. Utamwinamia mtu umpe shikamoo, akuitikie marahaba mwanangu, halafu pumzi hiyohiyo umuulize kama ni mlevi? Mdomo wangu haukuweza. Miaka minne niliwajibia wazee wa milima yote hii, na daktari akawa anaamini kwamba Lushoto mtu akifikisha miaka hamsini pombe inamkimbia yenyewe.

Hukunigombeza. Ingekuwa nafuu. Uliniuliza swali hilo lina faida gani ikiwa mashine inaona kila kitu, nami nikakueleza. Kwenye kioo mafuta hayasemi yametoka wapi. Yawe ya pombe, yawe ya soda na kitambi, weupe ni uleule. Damu inasaidia kidogo: ini likiumia, vimeng'enya vyake vinavuja na kuonekana kwenye kichupa, na kichupa kitatuambia pia kama kuna homa ya ini. Lakini kuna ini limejaa mafuta na damu yake imenyamaza kabisa. Kwa hiyo mwishoni inabidi mtu mwenyewe aseme.

"Kumbe mashine yote hii inasubiri mdomo wa mtu," ukasema. Halafu ukasema lile ambalo nimelibeba mpaka leo: "Kumnyima mzee swali si heshima. Ni kumfungia mlango huku umepiga magoti."

Nikakuuliza. Sauti ilitoka kama ya mtoto anayesomeshwa mara ya kwanza. Ukajibu hapana, hujawahi, na ulilisema lile neno polepole kama mtu anayetoa ushahidi. Nikaifuta hapana yangu, nikaandika ya kwako.

Sasa mafuta yalitoka wapi? Tulicheka wote watatu, mimi, wewe na muuguzi, ulipoanza kuhesabu. Miaka zaidi ya thelathini ya hitma, maulidi, akika, harusi, na kila nyumba sahani ya Mwalimu inajazwa kuliko ya wengine, na soda mbili juu yake, moja ya kunywa na moja ya kusisitizwa. Uliniuliza ungemkatalia vipi mfiwa aliyekuchinjia. Ini lako lilijaa mafuta kwa adabu, Baba, sijui kama kuna kitabu cha udaktari kinachoeleza hilo.

Daktari alisema huna haja ya dawa, una haja ya kupungua. Ukatunga utaratibu wako mwenyewe: tonge moja la kumpa pole mwenyeji, sahani inasogezwa kwa watoto, halafu maji. Watu wakaanza kunong'ona. Kwetu ukisikia mtu anaumwa ini unatazama kwanza kama chupa iko karibu. Mwanamke mmoja akamuuliza Mama sokoni, katikati ya makabichi, kama ni kweli Mwalimu ana ini la walevi, na Mama akarudi nyumbani analia bila kununua kitu. Mimi nilitaka tuseme ni vidonda vya tumbo. Nilikuwa tayari nimeshaupanga huo uongo. Wewe ukasubiri Ijumaa, ukasimama baada ya swala.

"Ini langu lina mafuta. Pombe sijanywa. Pilau zenu nimekula, na nyote hapa ni mashahidi."

Walicheka mpaka nje, na maneno yakaishia hapo. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nikageukia ukuta ili wasinione uso. Sikuwahi kukuambia jinsi nilivyojisikia siku ile. Nilijiona mtoto wa mtu.

Kipimo cha pili, baada ya miezi tisa, mkanda wako ulikuwa umetobolewa matundu matatu mapya. Vimeng'enya vilikuwa vimeshuka, na kwenye kioo ini na figo vilikuwa vimeanza kufanana tena. Nilikugeuzia kioo ukaona mwenyewe. Kisha moyo ukakuchukua kwenye tuta la karoti baada ya alasiri, bila kuaga. Kuna wanaosema bado ni ini. Siwabishii sana, ila nijuavyo mimi, ini ulilirudishia hali yake kwa juhudi zako mwenyewe.

Sasa yaliyobadilika tangu siku ile uliponisahihisha, mengine sikuwahi kukusimulia. Nauliza kila mtu, Baba. Nampa shikamoo, nasubiri marahaba, nauliza. Wa kwanza alikuwa mzee mstaafu wa mambo ya misitu, nilimuuliza huku naangalia kalamu, akasema alikuwa anasubiri siku zote mtu amuulize. Bibi mmoja alinikasirikia, akajifunga khanga yake akaondoka na jeli tumboni, wiki iliyofuata akarudi na jibu. Huku wamenipa jina, wananiita Bi Unatumia. Daktari aliniita akaniuliza kulikoni, mbona wazee wa wilaya wameanza kunywa wote mwaka huu. Ikabidi nimwambie ukweli kuhusu zile fomu za miaka minne. Alikasirika, na alikuwa na haki. Tulizitafuta zile za wazee wenye mafuta kwenye ini, tukawaita tena tuliowapata, nami nikawauliza upya mmoja mmoja nikiwaomba radhi. Ilikuwa aibu. Nilifanya.

Kisha Kaka Twaha.

Ulipozikwa, wazee wa msikiti walimwomba achukue madrasa. Ni nani mwingine? Sauti ni yako, kusoma anasoma, watoto wanamfuata njiani kama vifaranga. Akakataa. Akasema ana mboga za kupeleka Dar es Salaam, lori halingoji. Wakamfuata tena, akakataa tena. Siku ya arobaini yako, mbele ya wajomba, nilimwambia kwamba anapenda makabichi kuliko kaburi la baba yake. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Mama alilia. Kwa mwaka mzima nilikuwa namsalimia kwa ncha ya ulimi.

Huku nyuma akawa anachoka. Kitambi kilimtoka kama chako, akawa anakaa chini akipandisha magunia, na Mama ndiye aliyeona macho yake hayana mwanga. Nilimsumbua mpaka akakubali kuja. Wiki sita zilizopita, asubuhi, akaingia kwenye chumba kilekile. Damu alikuwa amekwisha kutolewa, ameshikilia pamba mkononi.

Nikampa shikamoo. Marahaba. Nikachukua fomu. Sukari, presha, dawa. Ndugu wenye ugonjwa huo, nikaandika "baba" na mkono ukaniuma. Nikafika la nne, na kalamu ikasimama, maana hili nalo jibu lake nililijua. Mtoto wa Mwalimu, anayeamka alfajiri kuadhini mwadhini akiumwa. Nusu ya hapana ilikuwa imeshafika kwenye vidole. Nikakukumbuka, nikamuuliza.

Alitazama ile pamba. Halafu akajibu kwa Kishambaa, kwa sauti tuliyokuwa tukiongelea jikoni tukiwa wadogo, kwamba ndiyo.

Ilianza alipoanza safari za lori. Kusubiri wanunuzi sokoni, makabichi yanaoza, wenzake wanampa chupa ya kupoza roho. Kwanza bia, baadaye pombe kali. Nyumbani hajawahi, huku milimani hajawahi, ila kila safari, na safari zilikuwa nyingi. Nilimuuliza kiasi, kama fomu inavyotaka, akahesabu kwenye vidole nami nikaandika. Vidole vilirudiwa. Kisha akasema:

"Ndiyo maana sikuchukua nafasi ya Baba. Siwezi kumshika mtoto mkono kwenye herufi kwa mkono huu."

Baba, nilitamani ardhi inimeze. Mwaka mzima nilimhesabu mvivu, kumbe mwenzangu alikuwa anakitunza kiti chako asikikalie mchafu. Mimi ndiye niliyemtukana mbele ya wajomba. Nilimwomba radhi palepale, jeli ikiwa mkononi, akaniambia nimalize kazi kwanza.

Ini lake ni jeupe. Nimelipima kila upande, nimepima na wengu, sikuona maji tumboni. Majibu ya damu yalikuja na vimeng'enya vimepanda, kimoja kimempita mwenzake kwa namna ambayo humfanya daktari aulize habari za pombe hata kama fomu inasema hapana. Homa ya ini hana. Ultrasaundi haijui vizuri kusema ini limeanza makovu au la, kwa hiyo daktari alichukua umri wake, vile vimeng'enya na zile chembe zinazogandisha damu, akapiga hesabu yake, akasema dalili ya makovu makubwa haionekani, ila atapimwa tena baada ya miezi mitatu. Akamwambia aache kabisa, si kupunguza, na akianza kutetemeka kwa kuikosa pombe arudi siku hiyohiyo. Angeandikiwa hapana, angeambiwa habari za chapati na soda, akarudi kwenye lori na chupa yake. Nalifikiria hilo kila nikishika kalamu.

Alitetemeka siku ya pili. Akarudi, akalazwa, akatoka. Safari za Dar es Salaam amemwachia mwenzake. Wiki iliyopita alikwenda kwa mzee mkubwa wa msikiti peke yake, akamweleza, hakunitaka nimsindikize. Sijui waliongea nini. Najua tu kwamba alirudi akamwambia Mama mwenyewe, na Mama hakulia, alimpakulia chakula. Kiti bado kitupu na hakuna aliyemharakisha. Amesema vipimo vya miezi mitatu vikiwa vizuri na mdomo wake ukiwa mkavu, atakwenda kuwaomba. Mimi huku nafanya kazi roho mkononi, maana vipimo hivyo nitavipiga mimi, na kioo hakina undugu.

Siku ile ya kipimo, akifunga vifungo vya shati, ndipo aliponiambia: "Baba sikumwambia. Mwambie wewe, wewe ndiye mwandishi." Siri ya mgonjwa haitoki chumbani, hilo nimeapa, lakini mgonjwa mwenyewe ndiye aliyenituma. Basi nimefikisha.

Najua utakavyofanya. Utavua kofia, utajikuna kichwa, utasema kaka yako huyu. Usimkasirikie sana. Ukimkasirikia, nikasirikie na mimi kidogo niliyemkalia mwaka mzima na ulimi wangu.

Nakuaga sasa, Mama ananiita nikamsaidie kumenya viazi. Nakuahidi mawili. Sitamjibia tena mtu swali lake, awe nani, hata akiwa amevaa kilemba. Na mtoto wako sitamwacha aende kwenye kipimo peke yake, yatoke yatakayotoka.

Wewe ulilala pale ukaniambia hapana, na hapana ile ulikuwa huna cha kupoteza kwayo, ila nilijivunia wewe mpaka nikageukia ukuta. Yeye alikuwa na kila kitu cha kupoteza, jina lako, kiti chako na heshima ya mdogo wake, akaniambia ndiyo. Unisamehe, Baba, lakini sijawahi kumwonea mtu fahari kama siku hiyo.

Mwanao,
Mwanaidi